Kwa Nini Daktari Aliitazama Shingo ya Mama?



Ndugu msomaji, mada ya chumvi tuliyoahidi kuiendeleza tunaiweka kando wiki hii kwa sababu ya ujumbe uliotufikia kutoka kwa msomaji wetu mmoja wa Tanga. Anaeleza kwamba alimpeleka mama yake hospitali, mama wa miaka 60 na ushei, ambaye miguu yake imekuwa ikivimba tangu baada ya Idi. Daktari aliyewapokea, kijana, alimlaza mama kitandani, akakiinua kichwa cha kitanda, akamwomba ateremshe ushungi wake, kisha akainama akaitazama shingo kwa muda mrefu bila ya kuigusa. Halafu akalikandamiza tumbo la mama huku macho yake yakiwa yangali shingoni. Hakutumia mashine yoyote. Mama amerudi nyumbani na hasira, na mpaka leo anasema harudi tena kwa “mtoto yule asiye na haya”. Msomaji wetu anauliza mambo mawili. Je, kutazama shingo ni kipimo, au kijana yule alikuwa akijifunzia juu ya mama wa watu? Na je, mwanamke anayo haki ya kukataa?

Swali la kwanza jibu lake ni fupi. Ni kipimo, na kama alikifanya hivi kilivyoelezwa, kijana yule alifundishwa vizuri na alichofundishwa hakukiacha chuoni. Wengi wetu tumekiacha. La pili linataka maelezo, nasi tutalifikia.

Msomaji bila shaka amewahi kumwona fundi mwashi akitafuta usawa wa kona mbili za msingi. Huchukua mpira mwembamba wenye kuonyesha ndani, akautia maji, ncha moja akaishika yeye na ya pili akamwachia msaidizi wake upande wa pili wa kiwanja. Maji yaliyo mkono huu yako usawa mmoja na maji yaliyo mkono ule, hata mpira uwe umepinda na kuzunguka rundo la mchanga. Fundi hahitaji kuiona kona ya mbali. Anayatazama maji yaliyo mbele yake.

Mshipa wa shingo ni mpira wa namna hiyo, na kona ya mbali ni moyo. Damu iliyokwisha kuzunguka mwili hurudi katika chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia, kabla ya kusukumwa kwenda mapafuni kuchukua hewa. (Safari hiyo ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi aliieleza Ibn al-Nafis katika karne ya 13, zaidi ya miaka 300 kabla ya William Harvey wa Uingereza kuchapisha kitabu chake mwaka 1628.) Inayotoka kichwani hushuka kwa mishipa ya shingo, na mshipa mkubwa wa ndani wa upande wa kulia hushuka karibu wima mpaka katika chumba hicho, pasipo kizuizi cha maana njiani. Chumba kikijaa kupita kiasi, damu hupanda shingoni. Mwili ukipungukiwa na maji, usawa wa damu hushuka na mshipa hulala. Kwa hiyo mwenye kujua kuutazama huweza kukadiria shinikizo lililomo ndani ya moyo pasipo kuchoma sindano wala kupitisha umeme.

Hapa inafaa kuondoa utata. Shinikizo la damu ambalo wasomaji wetu wengi wanalijua, lile la kufungwa mkanda mkononi, ni la damu inayotoka moyoni kwenda mwilini. Hili la shingoni ni la damu inayorudi. Mtu aweza kuwa na la kwanza lililo sawa kabisa, na la pili likawa limepanda mpaka masikioni.

Namna ya kulipima ilipangwa na Mwingereza Thomas Lewis mwaka 1930, na uzuri wake ni kwamba haihitaji zaidi ya rula mbili. Mgonjwa huegemezwa kitandani, mgongo ukiwa umeinuliwa kiasi cha nusu ya kuketi. Kichwa huwekewa mto ili misuli ya shingo ilegee, na uso hugeuzwa kidogo kuelekea kushoto. Mwanga huletwa kutoka ubavuni, wala si usoni, ili kila mtikisiko wa ngozi utupe kivuli chake. Hili lina uzito zaidi kwetu, maana katika ngozi nyeusi rangi ya mshipa haionekani na kinachosaka macho ni mtikisiko tu. Tochi ya simu inatosha, na siku za kukatika umeme wodini nimeiona ikifanya kazi bora kuliko taa ya darini.

Kisha daktari hutafuta nundu ndogo ya mfupa iliyopita kwa upana juu ya kidari, kiasi cha vidole vitatu chini ya shimo la koo, pale ubavu wa pili unapoungana na mfupa wa kidari. Msomaji aweza kujipapasa sasa hivi akaipata. Nundu hiyo huhesabiwa kuwa juu ya chumba cha kulia cha moyo kwa sentimita 5 hivi, mtu awe amelala, ameegemea au ameketi. Basi rula moja husimamishwa wima juu ya nundu, ya pili hulazwa sawa na ardhi kutoka pale mtikisiko wa mshipa unapokomea kwa juu, na pale zinapokutana husomwa kimo. Kinachopimwa ni kimo kutoka chini kwenda juu, si urefu wa kufuata shingo. Fundi wetu naye hapimi urefu wa mpira. Kwa mtu mzima wa afya kimo hicho hakizidi sentimita 3 au 4. Kikizidi hapo, damu inarudi mahali palipokwisha kujaa.

Ugumu umo katika kuutambua mtikisiko wenyewe, kwa kuwa jirani yake umepita mshipa mkubwa wa ateri upelekao damu kichwani, nao pia unapiga. Ateri hupiga pigo moja lenye nguvu, na ukiweka kidole utalihisi. Mshipa urudishao damu hutikisika mara mbili kwa kila pigo la moyo, tikisiko laini kama la maji ndani ya kata, na ukiugusa hupotea. Ndiyo maana kijana yule hakuigusa shingo ya mama. Mtikisiko huo hushuka mgonjwa anapovuta pumzi, hubadilika akilazwa au akiketishwa, na hupanda tumbo linapokandamizwa kwa kiganja. Hilo la tumbo lina maana yake. Mkono ukikandamiza kwa sekunde 10 hadi 15, mwenye moyo mzima mshipa wake hupanda kidogo kisha hushuka wenyewe, lakini moyo uliochoka hauwezi kuipokea damu ile ya ziada, na mshipa hubaki juu mpaka mkono utakapoondolewa.

Upo mshipa mwingine wa nje, unaopita juu ya misuli ya shingo, ambao watu wa nyumbani huuona kwa urahisi zaidi. Huo usiwatie hofu kila unapoonekana. Muadhini anapoivuta sauti, mtoto anapolia, mtu anapojikamua chooni au anapobeba gunia, mshipa huo husimama kama kamba, kwa sababu pumzi imezuiwa kifuani. Pumzi ikiachiwa, unalala. Wa kutiliwa shaka ni ule unaobaki umejaa mtu akiwa ameketi wima, ametulia na anapumua kama kawaida yake. Mwenye afya akiketi wima, juu ya mfupa wa mtulinga hapaonekani kitu.

Kwa nini basi daktari ahangaike na shingo, ilhali mama ameshitakia miguu?

Kwa sababu miguu kuvimba ni mlango ambao maradhi mengi hupitia. Wazee wetu walikuwa na neno safura, wakalitumia kwa karibu kila uvimbe uliofuatana na udhaifu. Figo zinazovujisha protini huvimbisha miguu, na mara nyingi uso huamka umevimba asubuhi. Ini lililokauka huvimbisha tumbo na miguu. Utapiamlo huvimbisha pia, na moyo ulioshindwa kazi vilevile. Hawa wote wakiketi katika benchi moja la zahanati, miguu yao inafanana. Shingo zao hazifanani. Wa moyo mshipa wake umepanda. Wa ini na wa utapiamlo kwa kawaida haukupanda. Figo zilizosimama kabisa nazo huweza kuupandisha, kwa kuwa maji hayana pa kutokea, hivyo shingo haitoi hukumu yote peke yake. Hata hivyo hupunguza shaka kwa kiasi kikubwa, na hufanya hivyo katika dakika mbili, mahali ambapo kipimo cha eko ya moyo kiko safari ya siku nzima.

Ni vigumu kwangu kuandika juu ya jambo hili bila ya kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mgeni kazini katika kituo kimoja cha wilayani, aliletwa jioni mama aliyejifungua wiki tano kabla. Alikuwa amevimba miguu, amechoka, na anahema. Mama mkwe wake, aliyefuatana naye, alinieleza kwamba uzazi ulikuwa mgumu, kwamba mkwewe hali vizuri, na kwamba usiku halali bali huketi akiegemea ukuta. Neno hilo la mwisho lilipaswa kuniamsha, nami nililipita. Mgonjwa alikuwa amejifunika baibui na ushungi uliobanwa vema chini ya kidevu. Nilimheshimu, au nilidhani namheshimu. Nilimtazama macho, nikaona weupe, nikaandika upungufu wa damu na uchovu wa uzazi. “Mtundikie dripu japo moja apate nguvu, mwanangu,” akasema mama mkwe. Nikamtundikia.

Usiku wa manane niliitwa. Mgonjwa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, midomo imebadilika rangi, anakohoa povu jepesi. Muuguzi wa zamu, bibi wa makamo ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa amekwisha kuifunga dripu na kuvuta pazia. Aliniuliza swali moja: “Mwanangu, shingo uliitazama?” Alikuwa ameuteremsha ushungi wa mgonjwa mpaka mabegani, na katika mwanga wa taa ya chemli nikaona mtikisiko uko chini ya ndewe la sikio, ilhali mgonjwa ameketi wima kabisa. Chupa ile ya nusu lita niliyoiita nguvu ilikuwa imemiminwa katika moyo ambao tayari ulikuwa unazama.

Tulimwachia miguu ining'inie, tukampa oksijeni na sindano ya kukojosha, na asubuhi akapelekwa mbele. Alhamdulillah, aliishi.

Maradhi yake yana jina refu, lakini kwa maneno mepesi ni kulegea kwa misuli ya moyo kunakomfika mama katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au ndani ya miezi 5 baada ya kujifungua, mama ambaye kabla ya hapo moyo wake haukuwa na tatizo lililojulikana. Yanatokea katika nchi zote, na Afrika yanaonekana zaidi kuliko Ulaya. Zaria, kaskazini ya Nigeria, madaktari waliyaandika sana katika miaka ya 1970, kwa kuwa waliwaona wagonjwa wengi miongoni mwa wazazi wa Kihausa. Desturi ya huko, kama ilivyo kwetu, ni siku 40 za kumhudumia mzazi kwa maji ya moto na joto, na wao huongeza uji uliotiwa kanwa, yaani magadi ya ziwani, kwa wingi. Tafiti za baadaye za Kano hazikuiona desturi hiyo kuwa chanzo chenyewe cha maradhi, lakini chumvi nyingi kwa moyo uliokwisha kulegea ni mzigo usio na faida.

Hatari ya maradhi haya ni kwamba yanajificha nyuma ya mambo ya kawaida. Mzazi gani asiyechoka? Mzazi gani anayelala usiku kucha? Uvimbe wa miguu husemwa kuwa ni wa mimba unaoisha polepole. Kinachotofautisha ni kwamba uchovu wa kulea mtoto haumfanyi mtu ashindwe kulala chali. Mzazi anayeomba mto wa pili na wa tatu, anayeamshwa na kikohozi usiku akaketi ili apate pumzi, ambaye uvimbe wake unazidi badala ya kupungua, huyo apelekwe hospitali hata kama arobaini haijatimia, na shingo yake itazamwe. Wengi wao wakitambuliwa mapema mioyo yao hupata nafuu kubwa ndani ya miezi kadhaa. Wasibebe mimba nyingine kabla ya kuzungumza na daktari wa moyo, mume akiwepo, kwa maana maradhi haya huweza kurudi na mara ya pili yakawa mabaya kuliko ya kwanza.

James Mackenzie, daktari wa kawaida wa mji wa viwanda wa Burnley nchini Uingereza, ndiye aliyeufanya mshipa wa shingo kuwa elimu. Kilichomsukuma, kama inavyosimuliwa, ni kifo cha mama mjamzito mwenye maradhi ya moyo aliyekuwa mikononi mwake, naye hakuwa na la kumwambia mume wake. Alitengeneza chombo cha kuandika mitikisiko ya shingo juu ya karatasi, akaifuatilia kwa wagonjwa wake mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1902 akatoa kitabu juu ya mapigo. Nalitaja hili kwa ajili ya vijana wetu walio vyuoni ambao hudhani kwamba elimu ya moyo ilianzia katika mashine.

Narudi kwenye dripu, kwa sababu hapa familia zina sehemu yao. Katika jamii yetu mgonjwa asiyetundikiwa chupa huhesabiwa kuwa hakutibiwa. Ndugu huja na maombi hayo, wengine na hasira, na tabibu aliyechoka huona ni rahisi kukubali. Kwa anayeharisha na kutapika mpaka macho yamedidimia, au aliyepoteza damu, maji ya mshipani ni uhai wake, na msomaji asiyazuie kwa sababu ya makala hii. Lakini udhaifu peke yake si dalili ya kukosa maji. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, kwa watoto 3,141 waliofikishwa hospitali na homa kali na mzunguko hafifu wa damu, bila ya ugonjwa wa kuharisha, ulionyesha kwamba waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi kuliko wasiopewa: kiasi cha 10 na nusu katika kila 100, dhidi ya 7. Miaka michache baadaye, Lusaka, Zambia, watu wazima waliougua maambukizi makali ya damu, wengi wao wakiishi na virusi vya ukimwi, waligawanywa makundi mawili. Kundi lililopewa maji mengi kwa utaratibu maalumu lilipoteza asilimia 48 ya wagonjwa, na lililopata huduma ya kawaida asilimia 33.

Na katika utaratibu ule wa Lusaka, mshipa wa shingo ulikuwa miongoni mwa vitu vilivyotazamwa ili kujua wakati wa kupunguza maji. Hata hivyo watu walikufa. Nasema hili kwa kukusudia, nisije nikaeleweka kwamba shingo ni hirizi. Mshipa ukionekana kuwa chini, maji hayakuwa salama kwa sababu hiyo pekee. Tena madaktari tunajulikana kwa kulikadiria shinikizo hili chini ya lilivyo, hasa kwa wenye shingo nene na fupi. Basi mimi hulitegemea zaidi neno “umepanda” kuliko neno “haukupanda”. Ukionekana umepanda, usipuuzwe. Madaktari wa Marekani walipoyapitia matokeo ya wagonjwa zaidi ya 2,000 wa moyo, waliandika mwaka 2001 kwamba wale ambao mshipa wa shingo ulionekana umepanda walilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao, hata baada ya dalili nyingine kuhesabiwa.

Ipo kosa la upande wa pili pia. Mgonjwa wa moyo aliyekwisha kupewa vidonge vya kukojosha huendelea navyo miezi na miezi bila ya kutazamwa, mpaka mwili unakauka, anasimama kwa ajili ya sala na kizunguzungu kinamwangusha. Huyu mshipa wake umelala hata akiwa amelala chali. Anahitaji dozi kupunguzwa, na pengine ndugu zake wanamwongezea kwa sababu anasema amechoka. Shingo ile ile iliyotoa habari ya kujaa hutoa na habari ya kukauka.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kuijali shingo. Kifua kikuu hapa kwetu hakikai mapafuni tu. Huingia katika utando unaouzunguka moyo, kikajaza maji au kikaugeuza utando kuwa gamba gumu linalomnyima moyo nafasi ya kupanuka. Mshipa wa mgonjwa huyo, badala ya kushuka anapovuta pumzi, hupanda, jambo lililoelezwa na Mjerumani Kussmaul mwaka 1873. Mgonjwa huyu huja na tumbo kubwa, na nimeona wakitibiwa ini kwa miezi. Dawa za kifua kikuu, na wakati mwingine upasuaji, humrudisha kazini. Kampala nako, katika hospitali ya Mulago, Jack Davies alieleza mwaka 1948 maradhi ya moyo kukakamaa kwa ndani, ambayo huwapata watoto na vijana maskini wa nchi za joto. Tumbo hujaa maji kuliko miguu, na mishipa ya shingo husimama sana. Na ile homa ya baridi yabisi inayoanza kwa koo la mtoto lisilotibiwa, kisha ikaziharibu milango ya moyo, nayo huishia hapohapo shingoni.

Sasa swali la pili la msomaji wetu. Hukumu ya sitara wakati wa matibabu ina wenyewe, nao ni masheikh wa ukurasa wa jirani, nami siwaingilii. Ninachoweza kueleza ni nini hasa kinachohitajika. Panahitajika shingo na sehemu ya juu ya kidari mpaka ile nundu ya mfupa, si zaidi ya hapo kwa kipimo hiki, na si zaidi ya dakika chache. Mwanamke anayo haki ya kuomba daktari au tabibu wa kike, na vituo vingi siku hizi vinao. Akikosekana, anayo haki ya pazia, ya muuguzi wa kike kuwapo, na ya mumewe au mwanawe kusimama karibu. Anayo haki pia ya kuelezwa kabla ya kuguswa au kutazamwa, na hapo ndipo kijana wetu alipokosea, ikiwa kweli hakusema neno. Sentensi moja ingetosha: “Mama, nataka kuutazama mshipa wa shingo unieleze habari za moyo wako, nawe utaketi na mwanao.” Elimu aliipata, adabu ya kuitumia bado. Na kukataa, ndiyo, anaweza kukataa. Lakini ajue anachokikataa, kwa sababu atapewa badala yake ama kipimo cha ghali kilicho mbali, ama kukisia.

Kwa mama wa Tanga nasema hivi, na mwanawe amsomee. Mama, siku ya kurudi kliniki vaa nguo yenye kufunguka kwa mbele na mtandio usiobanwa kwa pini, ili usihangaishwe. Fuatana na bintiyo. Peleka dawa zote unazotumia, na za mitishamba pia, zikiwa katika mfuko mmoja. Kuanzia kesho jipime uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, andika katika daftari, na ikiwa utaongezeka kilo 2 au zaidi katika siku 3, usiingoje tarehe uliyopangiwa. Hesabu na mito unayolalia. Ukifika, muulize daktari kwa sauti ya mzazi: “Mwanangu, mshipa umepanda sentimita ngapi?” Akikujibu kwa namba, mwambie mwanao aiandike katika daftari lile lile, chini ya uzito wa siku hiyo.

Mada ya chumvi tutaiendeleza wiki ijayo, inshaAllah.